Kupiga gofu juu ya maji ya Ziwa Taupō: mwongozo kamili wa shimo linaloelea

Chubwi. Hiyo ndiyo sauti utakayoisikia kwanza, na wala usione aibu. Mpira wangu wa kwanza pale Taupō ulikwenda mita thelathini hivi, ukayagonga maji bapa kama kijiwe cha mtoto, ukaruka mara mbili halafu ukazama. Mzee mmoja aliyekuwa akila aiskrimu kwenye benchi nyuma yangu akanipigia makofi kwa adabu zote. Mipira kumi na tisa baadaye ndipo nilipofanikiwa kuutua mmoja juu ya jukwaa, nao ukadunda ukatokea upande wa pili. Nililala na hasira. Asubuhi nikarudi, na yale niliyoyafikiria usiku ule ndiyo mengi ya haya utakayoyasoma hapa.

Mchezo wenyewe

Taupō ni mji wa Kisiwa cha Kaskazini, New Zealand, uliokaa kwenye ukingo wa kaskazini-mashariki wa ziwa kubwa kuliko yote nchini humo, lenye eneo la kilomita za mraba 616. Ukitoka Auckland kwa gari ni mwendo wa saa tatu na nusu hivi. Pale ufukweni, karibu kabisa na katikati ya mji, kuna mchezo ulioanza mwaka 1993: jukwaa linaelea majini, limetiwa nanga takriban mita 102 kutoka unaposimama, na juu yake kuna bendera. Unanunua mipira, unaazimwa fimbo, unapiga kutoka nchi kavu. Ukiutia mpira kwenye shimo kuu kwa pigo moja, zawadi ni dola 10,000 za New Zealand.

Mashimo ya kuelea yako na kwingine, ila si mchezo uleule. Coeur d'Alene, katika jimbo la Idaho nchini Marekani, uwanja wa gofu wa hoteli una shimo la 14 lililojengwa juu ya kisiwa cha kutengenezwa, kisiwa ambacho husogezwa kwa nyaya. Huko mchezaji akishapiga hupanda kiboti akamalizie taratibu. Taupō hakuna cha kumalizia. Mpira umeingia au haukuingia, basi.

Tuweke hesabu mezani mapema ili usije ukala nauli ya kurudi. Shimo la kawaida la gofu lina kipenyo cha milimita 108, na mpira una milimita 43 hivi. Makadirio yanayotajwa sana kwa mchezaji wa kawaida ni kwamba atatia mpira kwa pigo moja mara 1 katika 12,500. Ukipiga mipira 25, hiyo ni nafasi moja kati ya 500, na hapo tunamzungumzia mtu anayejua kucheza, siyo mimi na wewe tuliopita tu tukaona watu wanafurahi. Kwa hiyo jipe lengo la kwanza linalowezekana: kutua juu ya jukwaa. Aliyeweza kutua mara tano ndiye mwenye haki ya kuliwazia shimo.

Chagua saa kabla ya kuchagua fimbo

Watu wengi hufika mchana kwa sababu ndipo wanapotoka kula. Ni kosa. Upepo wa kawaida wa Taupō hutoka magharibi na kusini-magharibi, na wewe ukisimama pale ufukweni unatazama hukohuko, kwa hiyo mara nyingi utakuwa na upepo wa mbisho, unaokupuliza usoni. Asubuhi ziwa mara nyingi huwa limetulia kama mafuta kwenye sufuria. Kadiri jua linavyopanda, ndivyo upepo unavyoamka.

Jioni kuna tatizo jingine. Jua linatua upande ule unaoulenga. Mpira mweupe ukiingia kwenye mwanga ule huuoni tena mpaka uisikie chubwi, na usipouona ulipotua hujajifunza kitu. Kama huna budi kwenda jioni, vaa kofia yenye ukingo na umwombe mwenzio asimame nyuma yako, usawa wa bega lako la kulia, akutazamie.

Kumbuka pia majira ya huko ni kinyume na ya kaskazini mwa dunia: kiangazi ni Desemba hadi Februari. Jua la New Zealand huchoma haraka kuliko joto lake linavyokudanganya, hivyo paka krimu ya jua masikioni na nyuma ya shingo, kwa sababu utakuwa umeinama. Paka kwanza, futa viganja, ndipo ushike fimbo. Kiganja chenye mafuta kimeshawahi kurusha fimbo ziwani, na fimbo ni ghali kuliko mpira.

Viatu: raba za kawaida zinatosha. Sandali hapana. Mguu unateleza ndani ya sandali wakati kiuno kinapogeuka, na hapo ndipo pigo linapopinda.

Mita 102 za hewani

Hapa ndipo penye siri yote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwenye uwanja wa nyasi, mpira unaweza kutua mita 85 ukabingirika ukafika 102. Majini hakuna kubingirika. Mita zote zinatakiwa ziwe za hewani, na kosa la kupungukiwa halina msamaha. Juu ya hapo, macho yanakudanganya. Kati yako na bendera hakuna mti, mtu wala ua wa kukupimia; kuna maji tu, na maji matupu huufanya umbali uonekane mfupi. Karibu kila mgeni niliyemtazama alipungukiwa. Waliopitiliza niliwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na walikuwa vijana wenye mabega.

Fimbo za chuma zina namba. Namba ikiwa ndogo uso wa fimbo unasimama zaidi, na mpira huenda mbali na chini. Namba ikipanda uso unalala, mpira huenda juu na karibu. Ile inayofuata baada ya namba 9, inayoitwa wedji, uso wake umelala digrii 45 hivi. Mwanamume anayecheza gofu kwa kawaida hupiga wedji kama mita 100 na namba 9 kama mita 115. Mwanamke anayecheza kwa kawaida atahitaji namba 7 au 6 kufika palepale. Haya ni makadirio ya watu wanaoupiga mpira vizuri, katikati ya uso wa fimbo. Mgeni haupati katikati mara nyingi, na akiukosa hupoteza mita kumi na tano bila kujua zilikokwenda.

Shauri langu ni hili: ongeza fimbo, yaani chukua ya namba ndogo zaidi inayofika mbali, na punguza nguvu. Kama ni mwanamume na hujawahi kushika fimbo, omba namba 8. Kama ni mwanamke au kijana mdogo, omba 7 au 6. Kisha piga kwa nguvu kama robo tatu ya uwezo wako. Yule anayeomba wedji kwa sababu ameona bingwa wa televisheni akiitumia kwa umbali huo ndiye anayejikaza mpaka mishipa ya shingo inasimama, na anayejikaza haugongi mpira katikati.

Sasa hali ya hewa. Upepo wa usoni wa kilomita 16 kwa saa, ambao mkononi unauona kama wa kupepea tu, unaweza kukata sehemu ya kumi ya safari ya mpira. Katika mita 102 hizo ni mita kumi, karibu fimbo moja nzima. Upepo uleule ukitoka mgongoni hausaidii kwa kiasi hicho. Unakuongezea kama nusu yake. Hewa baridi ni nzito, mpira unapungukiwa kidogo. Kwa upande mwingine ziwa liko mita 356 juu ya usawa wa bahari, na wembamba wa hewa wa mwinuko huo unakurudishia kama mita moja. Usiuhesabu. Nimeutaja kwa sababu mtu mmoja pale kwenye foleni aliutumia kuniambia nipunguze fimbo, na mimi kwa ujinga nikamsikiliza.

Usipime upepo ulipo wewe. Ufukweni kuna miti na majengo yanayokukinga. Tazama bendera kule jukwaani, kisha tazama maji ya katikati ya safari. Maji yakiwa kioo, hakuna upepo. Yakiwa na mikunjo midogo ya rangi nyeusi inayokimbia kuelekea kwako, ongeza fimbo moja. Ukiona povu jeupe kwenye mawimbi, nenda kanywe kahawa urudi baadaye.

Kusimama, kushika, kupiga

Utapiga kutoka kwenye mkeka wa nyasi bandia. Mkeka una hila: ukigonga nyuma ya mpira, fimbo huteleza juu ya mkeka na kuufikia mpira hata hivyo. Utasikia mlio mzuri, utaona mpira umepaa, halafu mpira utaanguka mita ishirini kabla ya jukwaa na utalaumu upepo. Sikiliza vizuri. Pigo safi lina mlio mmoja mkavu, tak. Pigo la nyuma ya mpira lina miwili: buu, kisha tak.

Maelezo yafuatayo ni ya anayetumia mkono wa kulia. Mwenye shoto ageuze kila kitu, na aulize fimbo za shoto kabla ya kulipa.

Anza na vidole. Shika fimbo kwa mkono wa kushoto juu, wa kulia chini, kiganja cha kulia kikifunika kidole gumba cha kushoto. Fimbo ilale kwenye vidole, isilale katikati ya kiganja. Nguvu ya kushika iwe ile ya kumshika kifaranga: asitoroke, asife. Jaribu kuzungusha vifundo vya mikono. Vikikataa, umebana mno.

Simama miguu ikiwa upana wa mabega. Mpira uwe katikati ya miguu, labda upana wa mpira mmoja kuelekea mguu wa kushoto ukitumia namba 7 au 8. Uzito uegemee kidogo mguu wa kushoto, yaani ule ulio karibu na ziwa. Kunja magoti kama mtu anayetaka kukaa kwenye stuli ndefu akaghairi. Mgongo unyooke, uinamie kiunoni.

Kisha lenga, na ulenge kwa fimbo, si kwa mabega. Chagua alama kwenye mkeka, unyasi au doa, lililo shibiri mbili mbele ya mpira kwenye mstari wa bendera. Weka uso wa fimbo ulitazame doa hilo, ndipo upange miguu. Hili si la urembo. Katika mita 102, kosa la digrii moja tu linakupeleka karibu mita 1.8 pembeni, digrii tatu ni zaidi ya mita tano, na hapo jukwaa umeshaliaga. Kwa fimbo za chuma, mahali uso wa fimbo unapotazama wakati wa kugonga ndipo hasa mpira unapoanzia safari.

Inua fimbo taratibu hadi mikono ifike usawa wa bega. Si zaidi. Teremka kwa kugeuza kiuno kwanza, mikono ifuate. Maliza tumbo likitazama jukwaa, uzito wote mguu wa kushoto, kisigino cha kulia kikiwa juu. Baki hivyohivyo mpaka mpira utue. Ukishindwa kubaki, ulipiga kwa nguvu mno.

Kosa kubwa kuliko yote ni kutaka kuusaidia mpira upae. Mtu anaona maji, anaogopa, anajikunja nyuma na kuuchota mpira kama anachota mchele. Fimbo inapanda kabla ya kufika, makali yake yanagonga tumbo la mpira, na mpira unatoka kama risasi kwa urefu wa goti. Ndiyo ile chubwi yangu ya kwanza. Kulala kwa uso wa fimbo ndiko kunakoupandisha mpira, na kazi yako ni kugonga kuelekea chini, mpira kwanza mkeka baadaye. Inaonekana kinyume, lakini ukiamini mara moja tu utauona mpira ukipanda wenyewe.

Namna ya kuitumia ndoo ya mipira

Kabla ya mpira wowote, piga hewa mara sita. Hewa ni bure.

Mipira mitano ya mwanzo usilenge bendera. Piga kuelekea katikati ya jukwaa na uangalie jambo moja tu: umepungukiwa au umepitiliza? Usibadilishe fimbo baada ya pigo moja. Pigo moja ni bahati, mawili ni tuhuma, matatu ndiyo ushahidi. Mitatu ikipungukiwa kwa mlio safi, badilisha fimbo. Ikipungukiwa kwa mlio wa buu-tak, fimbo haina kosa. Sogeza uzito mguu wa kushoto.

Umbali ukishakaa, geukia upande. Mipira yako yote ikienda kulia, usianze kulenga kushoto. Kwanza shuka kutazama kidole gumba cha kulia. Mgeni hukisukumia pembeni ya fimbo, uso wa fimbo ukafunguka, yaani ukatazama kulia. Kirekebishe, piga mitatu. Ikiendelea kwenda kulia kwa kiasi kilekile, basi hilo ndilo pigo lako la siku hiyo, sasa ruhusa kulenga kushoto.

Pumzika. Kila mipira mitano weka fimbo chini, nywa maji, tazama kusini: siku ikiwa angavu utaiona Ruapehu, mlima wa volkano wa mita 2,797, ng'ambo ya ziwa. Nasema hivi kwa sababu mwendo wa mgeni ni kupiga harakaharaka, kila pigo likiwa la kulipiza kisasi kwa lililotangulia. Mipira ishirini inaisha kwa dakika nane na hukumbuki hata mmoja.

Mipira mitano ya mwisho ndiyo ya kutafuta shimo. Hapa lenga ukingo wa mbele wa jukwaa, si bendera. Chini ya jukwaa hakuna udongo wa kumeza kishindo, kwa hiyo mpira unadunda. Ukitua penye bendera utatoka nyuma, kama wangu. Mpira unaotua mapema na kwa kimo kirefu ndio wenye nafasi ya kudunda mara moja, mbili, ukatulia.

Kabla ya pigo la kwanza, uliza

Soma ubao wa masharti na umuulize mhudumu: shimo lipi lina zawadi ipi, nani anathibitisha kwamba mpira umeingia, na kama kuna umri au sharti lolote linalokunyima zawadi. Ni dakika mbili. Masharti na bei hubadilika, hivyo usitegemee la rafiki aliyekwenda miaka mitatu iliyopita. Ukiona mpira wako umepotea karibu na bendera, usipige mwingine. Mwite mhudumu kwanza, maana mpira wa pili ukitua palepale utavuruga ushahidi.

Na usipige kukiwa na mtu au chombo mbele yako. Mitumbwi ya kayaki hupita, waogeleaji hujisahau, na batamaji weusi wa ziwa hilo hawasomi mabango. Watoto wakae nyuma ya mkeka, mbali kuliko unavyodhani inatosha. Fimbo ikirudi nyuma huchukua nafasi ya mita mbili na ushee. Mtoto mwenyewe akitaka kujaribu, mpe fimbo fupi na usimwambie habari ya jukwaa. Mwambie ausikie mlio.

Kuhusu mipira inayozama: haiachwi. Wazamiaji huifuata chini na kuirudisha, na ndiyo maana utaletewa mipira iliyokwaruzika. Chagua ile isiyo na mpasuko, hiyo mingine ipige mwanzoni wakati bado unatafuta umbali.

Asubuhi yangu ya pili nilitua mara saba katika ishirini na tano. Mmoja uligonga mti wa bendera nikaisikia sauti yake ikija juu ya maji baada ya mimi kuona umeshadunda, kisha ukaanguka majini. Nikashuka ufukweni kuosha mikono, nikaokota kwenye changarawe jiwe jepesi la kijivu, lile tunalosugulia visigino. Yamejaa pale, yametapikwa na volkano iliyo chini ya ziwa hilohilo, ambayo mara ya mwisho ililipuka kwa kishindo kikubwa miaka ipatayo 1,800 iliyopita. Nikalirusha majini kwa mkono. Likafika mita kumi, likaelea.